Majina Yaliyochongwa: Habari za Vibao vya Mti katika Bonde la Kilombero

Katika kitabu hiki cha jubilei wengine wameandika habari za Maaskofu, na za Mapadre na Masista waliotutangulia. Sisi tumepewa jambo dogo, nalo ni vibao vya mti: vile visimamavyo mbele ya makanisa na shule, na ile misalaba ya makaburini iliyoandikwa majina. Mtu aweza kucheka akasema, Kibao ni kitu gani hata kiandikiwe historia? Lakini msomaji na afikiri. Majina ya wabatizwa yamo katika vitabu vya parokia, na majina ya Mapadre yamo katika vitabu vya mashirika yao. Bali jina la mwalimu wa kigango, aliyefundisha sala chini ya mwembe miaka ishirini kwa ujira wa debe la mpunga, limeandikwa wapi? Aghalabu limeandikwa juu ya ubao, wala si mahali pengine. Ubao ule ukiliwa na mchwa, au ukipakwa rangi na mtu mwenye haraka, jina limekwisha.

Kuchonga mti si elimu iliyoletwa bondeni na wageni. Wandamba, watu wa mto, walikuwa wakichimba mitumbwi kwa shoka na tezo tangu zamani, na Wapogoro na Wambunga na Wabena walijichongea vinu, mipini, vigoda na ngoma. Huko pwani mafundi walichonga aya za Kurani juu ya vizingiti vya milango, hata aingiaye nyumbani akapita chini ya neno. Kwetu sisi wa bara kazi ya chuma juu ya mti ilikuwapo, ila herufi haikuwapo. Herufi ilikuja na shule.

Mabenediktini wa St. Ottilien walifika Dar es Salaam mwaka 1888, wakajenga Pugu, na Januari 1889 misioni ile ikaharibiwa wakati wa vita vya Abushiri. Mwaka 1902 wakapanda mpaka Kwiro katika milima ya Mahenge, na kabla ya vita kuu ya 1914 wakawa na nyumba hata hapa Ifakara. Desturi ya Mabenediktini ni kusali na kufanya kazi. Basi pamoja na Mapadre walikuja Mabruda, na katika Mabruda hao walikuwamo maseremala, waashi na wahunzi. Kijana aliyekuja akijua tezo alifundishwa randa, keekee na patasi. Akisha kujua kuunga fremu ya mlango, akapewa kuchonga maneno. Ndivyo mikono ile ile iliyojua mtumbwi ilivyojua herufi.

Habari za vita twazipita upesi, maana zimeandikwa na wengine. Tarehe 30 Agosti 1905 boma la Mahenge lilishambuliwa katika vita vya Majimaji. Baadaye ikaja vita ya 1914. Mwezi Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yakaitwaa Mahenge, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa katika nchi. Wakapuchini wa Uswisi walikuja mwaka 1921, pamoja na Masista wa Baldegg. Katika miaka ile ya katikati Mapadre walikuwa haba sana. Walimu wa dini ndio waliowakusanya watu siku ya Jumapili, wakawafundisha watoto, wakawazika wafu. Mtu akifa nyakati zile, msalaba wake ulichongwa na jirani ajuaye patasi, si fundi wa misioni.

Tumeona vibao vya kale ambavyo N imegeuka nyuma, na S imeelekea kushoto. Wengine huwacheka mafundi wale. Sisi twaipenda N iliyogeuka, kwa sababu yashuhudia kwamba fundi hakujua kusoma. Alinakili kwa macho maumbo aliyoandikiwa mchangani au juu ya karatasi, na pamoja na hayo alizama katika mti kwa bidii. Msomi aliyemwandikia alisahauliwa. Kazi ya asiyesoma yasomeka.

Sasa tuseme habari za miti yenyewe, maana bila kuujua mti hakuna ajuaye kuutia rangi.

Mninga ndio mti wa kwanza. Ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu, hata mtoto aonaye mara ya kwanza huogopa. Kiini chake ni cha hudhurungi yenye wekundu, hakipindi kikikauka, hukubali patasi pasipo ugomvi, na mchwa hawakipendi. Tunasema kiini, maana ile sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda ni chakula cha wadudu. Seremala aiachaye katika msalaba ili apate ubao mpana amewaandalia mchwa karamu. Mvule una rangi ya manjano ukipasuliwa, kisha hugeuka kahawia kwa jua. Ni mti imara, lakini wakati mwingine ndani yake mna mawe meupe yavunjayo makali ya chombo, na tena mna kitu katika kiini chake kizuiacho vanishi ya mafuta isikauke. Fundi asiyejua hulaumu mkebe, akanunua mwingine, naye mti ndio wenye shauri. Mkongo ni mgumu kuliko yote hii miwili na wafaa kusimama mvuani, ila ukinyeshewa kabla ya kufunikwa hutoa maji ya manjano yachafuayo rangi nyeupe. Mtiki si mti wa asili ya kwetu. Tangu miaka ya 1990 umepandwa kwa wingi katika bonde hili, na siku hizi mbao zake zapatikana. Una mafuta mengi. Yafaa kuufuta kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuupaka, la sivyo rangi hubambuka kama ganda la kitunguu.

Ama kuhusu rangi, lugha yetu imekwisha kutufundisha jambo ambalo mafundi wengi husahau. Sisi husema kutia rangi, na tena husema kupaka rangi, wala si neno moja. Mama asukaye mkeka huutia ukindu rangi: huuchemsha chunguni, rangi ikaingia hata ndani, na ukindu ukikatwa huonekana umekolea. Mwenye nyumba huupaka ukuta rangi: hukaa juu kama nguo juu ya mwili. Ubao wa kuchongwa wahitaji yote mawili, kila moja mahali pake. Uso wa ubao hutiwa rangi, ili nyuzi za mti zionekane. Herufi zilizozama hupakwa rangi, ili zisomwe na mtu aliye mbali. Akosaye akageuza, akaupaka uso rangi nzito ya mafuta, amefunika mti na kuziba herufi pamoja.

Rangi ya kutia yaweza kupatikana pasipo fedha nyingi. Misumari yenye kutu ikilowekwa katika siki siku kadhaa hutoa maji yasiyopendeza machoni. Lakini yakipakwa juu ya mti wenye ukakasi, mti hugeuka mweusi kwa muda mfupi, tena weusi usiotoka kwa kusugua. Mti usio na ukakasi hupewa kwanza chai kavu iliyokolea sana, ukaachwa kukauka, ndipo maji ya misumari yakafuata. Kwa sababu hiyo hiyo msumari wa chuma uliopigiliwa katika ubao wenye ukakasi hulia machozi meusi masika yote. Tumeona msalaba mzuri uliotiwa alama hizo kutoka kila msumari, hata jina likawa kama limepigwa mistari. Vigingi vya mti vyafaa zaidi, au skurubu za shaba nyeupe na nyeusi zisizoshika kutu.

Na vanishi? Hapa tuna habari ambayo twapenda walimu wawasimulie watoto. Katika misitu ya pwani, na Rufiji pia, uko mti uitwao msandarusi. Utomvu wake, hasa ule uliolala ardhini karne nyingi ukawa mgumu kama kioo, huitwa sandarusi. Watu waliuchimba, wakauuza kwa wafanya biashara, nao wakaupeleka Unguja. Katika karne ya 19 sandarusi ya Unguja ilikwenda Ulaya, na Marekani pia katika mji wa Salem, ambako palikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Nayo ikafanywa vanishi, tena vanishi bora, iliyopakwa juu ya magari ya farasi ya matajiri. Mto wetu Kilombero ukiungana na Luwegu huwa Rufiji. Basi utomvu uliochimbwa karibu na maji ya mto wetu ulivuka bahari kuyang'arisha magari ya wageni, na fundi wa huku alingoja mkebe wa vanishi kutoka kwao. Hatusemi haya kwa uchungu. Twasema ili mtoto ajue kwamba vanishi si uchawi wa Ulaya. Ni utomvu wa mti na mafuta na moto.

Kazi yenyewe hufuata utaratibu huu, na wazee waliotufundisha hawakuubadili. Ubao upasuliwe wakati wa kiangazi, upangwe kivulini na vijiti katikati ili upepo upite, ukae hata uwe mwepesi. Bonde letu lina unyevu mwingi. Mwezi wa Machi hata Mei maji hufunika mbuga, na ubao uliopakwa rangi katika siku zile huficha maji ndani yake, nayo yakitafuta njia ya kutoka huinua rangi kama malengelenge. Kazi ya rangi ni ya Juni hata Oktoba, tena baada ya umande kukauka. Ubao upigwe randa, kisha usuguliwe kwa msasa. Mzee mmoja alikuwa akitumia majani ya mti wenyewe uitwao msasa, ambao ndio uliolipa karatasi ya dukani jina lake, naye alisema karatasi ina haraka lakini jani lina adabu. Mistari ipigwe kwa ngeu, herufi ziandikwe kwa kalamu, ndipo patasi ianze. Mfereji wa herufi uwe na umbo la bonde, pande mbili zikikutana chini, ili maji ya mvua yateleze yasitulie. Kina chake kisipungue robo ya inchi kwa ubao wa nje.

Baada ya kuchonga, ubao utiwe rangi yake, ukauke siku mbili. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosa, upakwe vanishi nyepesi mahali pote, hata ndani ya herufi, kabla ya rangi ya herufi. Usipofanya hivyo, rangi ya herufi hutembea katika nyuzi za mti kama wino juu ya karatasi mbovu, na jina la mtu likaota manyoya. Vanishi ikikauka, jaza herufi kwa brashi ndogo. Rangi nyeupe juu ya mti mweusi, au nyeusi juu ya mti wa asili. Ikimwagika juu ya uso usiogope. Ikisha kukauka, sugua uso kwa msasa uliofungwa juu ya kipande cha mti kilichonyoka. Rangi ya juu itaondoka, ya chini itabaki, na kila herufi itakuwa na ukingo kama uliokatwa kwa wembe. Mahali palipopauka patiwe rangi tena, kisha vanishi mara mbili au tatu, pasipo kusahau mwisho wa ubao, yaani pale nyuzi zilipokatwa, maana mti hunywa maji kwa kinywa kile kuliko kwa mwili wote.

Mtu atasema, Kazi hii yote ya nini, nasi tuna mikebe ya rangi na mabati, tena siku hizi maandishi huchapwa juu ya turubai kwa saa moja? Hatukatazi turubai. Lakini jua la Ifakara huila rangi yoyote, na mwaka wa pili au wa tatu turubai huwa nyeupe, wala hapana alama iliyobaki ya kusomwa kwa kidole. Ubao uliochongwa ukipoteza rangi yake yote bado unalo jina. Rangi ni mtumishi wa patasi. Bwana akiwapo, mtumishi mwingine hupatikana.

Jambo hili lilijulikana vizuri watu walipohama. Katika miaka ya 1973 hata 1976 watu wengi wa nchi hii walikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Wakati ule ule reli ya kwenda Zambia ilikuwa ikijengwa kupita bondeni, na watu walisogea karibu nayo. Makanisa ya miti na nyasi yaliachwa, na makaburi yaliachwa pamoja nayo. Watoto waliorudi baadaye kutafuta kaburi la babu walikuta nyasi ndefu na misalaba iliyolala. Misalaba iliyoandikwa kwa brashi tu ilikuwa miti mitupu. Iliyochongwa katika kiini cha mninga au mkongo, wakaifuta udongo, wakasoma.

Tena majina ya mahali nayo hubadilika. Jimbo la Mahenge liliundwa mwaka 1964, na Jimbo la Ifakara likazaliwa kutoka humo Januari 2012. Parokia zilizokuwa chini ya Mahenge karibu miaka hamsini zikawa za jimbo jipya, na vibao vikahitaji neno jipya. Mahali pengine walibandika kipande cha ubao juu ya neno la kwanza. Twaona hilo ni jema, kwani atakayekibandua atajua historia. Mahali pengine walisugua wakafuta. Vivyo hivyo vibao vya zamani vilivyoandikwa Yezu na Kristu, kama wazee wetu walivyoandika, vimesahihishwa na vijana kuwa Yesu na Kristo. Hatugombani juu ya herufi, sala ni ile ile. Ila kibao si daftari la shule, na fundi wa rangi si msahihishaji.

Katika kigango kimoja, ambacho jina lake twalihifadhi, palikuwapo ubao wenye mistari 11, kila mstari jina la mwalimu wa dini aliyefundisha pale. Ilipokaribia sikukuu, watu walitaka kila kitu king'ae. Fundi aliitwa, naye alikuwa mtu mwema asiyeambiwa neno. Aliona ubao mweusi wenye mashimo-mashimo. Akayajaza mashimo kwa ile tope ya mafundi waiitayo puti, akasugua, akapaka rangi ya samawati mara mbili, akaandika juu yake kwa brashi maneno ya kuwakaribisha wageni. Kazi safi, watu wakaisifu. Mwanamke mzee, aliyetazama kwa muda mrefu, akauliza, Na mume wangu mmemweka wapi?

Tuliutoa ubao ule baada ya sikukuu. Twaeleza hapa jinsi tulivyofanya, maana huenda parokia nyingine zina ubao kama huo. Hatukuusugua kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake huingia katika damu ya watoto likadhuru akili zao. Tabaka za chini za rangi ya zamani mtu hawezi kuzijua kwa macho. Tuliulowesha, tukawaondoa watoto, tukajifunga vitambaa puani, tukakwangua kwa ncha ya mti mgumu isiyokwaruza, na takataka zake tukazikusanya katika gazeti tukazifukia mbali na kisima. Puti ilitoka mahali herufi zilipokuwa na kina. Mahali zilipokuwa hafifu, ilitoka pamoja na ukingo wa herufi. Kisha usiku tulizima taa zote ila moja, tukaishika kando ya ubao, karibu kugusa, ili mwanga upite juu yake kwa ulalo. Vivuli vikaingia katika mifereji, na majina yakainuka ambayo mchana hayakuonekana kabisa. Tulisoma 7. Mume wa bibi yule alikuwa wa 4, naye bibi, asiyejua kusoma, alipitisha kidole katika jina lile kutoka mwanzo hata mwisho, akasema ndilo, alilijua kwa urefu wake. Yeye na wazee wengine wakatutajia 2 zaidi kwa kukumbuka ni nani aliyemfundisha nani ekaristi ya kwanza. Mistari 2 haijajulikana.

Kwa hiyo twawasihi halmashauri za parokia, na hasa walimu wenye vijana wenye nguvu na mikebe ya rangi mikononi: kabla ya brashi kuchovywa kwa ajili ya jubilei, kila ubao wa zamani usomwe kwa taa ya kando, na yaliyomo yanakiliwe katika kitabu cha parokia pamoja na mahali ubao uliposimama. Wenye simu waupige picha kwa mwanga ule ule wa ulalo. Ubao wa kale usipakwe. Ufutwe vumbi, upewe mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa, ukatundikwe ndani penye kivuli. Ukitakiwa ubao wa nje, uchongwe mpya.

Ubao mpya wa kigango kile utakuwa wa mkongo. Mbao zimekwisha kupasuliwa, zimepangwa nyuma ya sakristia na vijiti katikati, nazo zangoja mwezi wa Julai. Utakuwa na mistari 11 kama wa kwanza, na ile miwili itapigwa ngeu na kuachwa bila kuchongwa, kila mmoja mahali pake.